Sura ya Sita: Geuza Utazame Kitako

Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa cha kufuma, kati ya picha ya harusi na redio isiyolia tena. Tonge la kioo, mviringo juu na bapa chini, na ndani yake maua madogo madogo yamebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi: mekundu, meupe, ya buluu, ya kijani. Mtoto akipita mbele yake maua yanavimba, akisogea yanasinyaa. Nyumba iko mtaa wa Makiso, mjini Kisangani, si mbali na mto, na mwenye nyumba ni mzee aliyepita miaka themanini. Baba yake alikuwa karani katika ofisi ya Wabelgiji enzi mji huu ukiitwa Stanleyville.

Hapa kwetu kitu hicho kinajulikana kwa jina lake la Kifaransa, prespapie, yaani kizito cha kukalia karatasi zisipeperuke. Ofisi za zamani zilikuwa na madirisha mapana na feni za darini, na upepo wa mto haukuomba ruhusa. Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wa ofisi aliondoka mwaka 1960 na kumwachia karani wake vitu viwili: saa ya mezani, ambayo iliuzwa zamani, na hili tonge.

"Iko ya zamani sana, mwanangu," mzee aliniambia. "Baba alisema hata Tippu Tip aliikuta."

Sikumbishia. Heshima haikatai hadithi ya baba wa mtu sebuleni mwake. Lakini nilikuwa nimekuja na vifaa, naye alitaka kujua. Wajukuu walikuwa wamemwambia kwamba Ulaya vitu hivi huuzwa kwa maelfu ya dola. Ni kweli, baadhi huuzwa hivyo. Swali ni kama hili ni mojawapo.

Wengi wakishika prespapie hutazama maua, kwa kuwa maua ndiyo yaliyowekwa ili yatazamwe. Mimi nimejifunza kuanzia upande ambao fundi hakutaka utazamwe. Geuza, utazame kitako. Kioo kilichotengenezwa kwa mkono hushikwa na fimbo ya chuma kikiwa bado cha moto, na fimbo hiyo ikivunjwa huacha kovu. Jinsi kovu hilo lilivyoshughulikiwa ndiyo alama ya karakana. Wapo walioliacha likwaruze kidole. Wengine walilisaga hadi kitako kikawa bapa. Mafundi wa Ufaransa wa katikati ya karne ya 19 walilisaga likabaki bonde dogo lililong'arishwa, na mara nyingine wakachonga nyota humo ndani.

Kitako cha mzee kilikuwa bapa, kimesagwa, kimeng'arishwa nusunusu. Pembeni kulikuwa na duara la mikwaruzo. Hapo nikatoa lupe yangu, kioo kidogo cha kukuzia. Kisangani ni mji wa almasi. Kwenye comptoir, maduka ya kununulia mawe, kila mnunuzi ana lupe inayokuza mara kumi, na kijana mmoja wa kazi hiyo ndiye aliyenifundisha kuishika: ilete karibu na jicho kwanza, kisha usogeze kitu, usisogeze lupe. Mikwaruzo ya uzee wa kweli huenda kila upande, mirefu na mifupi, mingine imepita juu ya mingine, na hukaa pale tu kitako kinapogusa meza. Anayetaka kuzeesha kioo kwa siku moja hukisugua kwa msasa, na msasa huacha mistari inayofuatana kama nywele zilizochanwa. Hii ya mzee ilikuwa mikwaruzo ya kweli. Ilikuwa imefanya kazi mezani miaka mingi. Lakini miaka mingi ni mingapi? Arobaini na mia na arobaini, kitakoni, hufanana.

Basi twende kwenye maua.

Kata bamia, dongodongo kama tunavyoiita hapa, na kila kipande kitakuonyesha nyota ileile, maana nyota imepita ndani ya bamia yote kutoka kichwa hadi mkia. Maua ya prespapie ni hivyo hivyo. Fundi huchukua donge la kioo cha rangi, hulibonyeza kwenye kalibu ya chuma yenye umbo la nyota, hulivika kioo cha rangi nyingine, hurudia. Kisha watu wawili hulishika huku na huku kwa fimbo na kutembea wakiachana, na lile donge nene hunyooka likawa ufito mwembamba kama penseli, nyota ikiwa bado ndani yake, ndogo tu. Likipoa hukatwa vipande vipande. Waitaliano waliviita millefiori, maua elfu. Vipande hupangwa vimesimama, kioo kiangavu cha moto huvifunika, na mviringo ule wa juu hugeuka lenzi. Ndiyo sababu mtoto anaona maua yakivimba.

Ufundi huu ni wa kale, lakini prespapie yenyewe ina mwaka wa kuzaliwa unaojulikana karibu sana. Mwaka 1845, kwenye maonyesho ya viwanda huko Vienna, Pietro Bigaglia wa Venice aliweka mezani matonge ya kioo yenye vipande vya fito vilivyochanganywa ndani. Venice wakati huo ilikuwa chini ya Austria. Wafaransa waliyaona, wakarudi nyumbani, na katika muda mfupi mno viwanda vitatu, Saint-Louis, Baccarat na Clichy, viliwapita walimu wao. Kuanzia 1845 hadi karibu 1860 walitengeneza prespapie ambazo mpaka leo hakuna aliyezishinda kwa utulivu wa mpangilio. Baadhi zina tarehe ndani ya ua lenyewe: herufi B na mwaka 1846, 1847, 1848 au 1849 kwa Baccarat, SL kwa Saint-Louis. Clichy hawakuandika mwaka, ila waliacha waridi dogo ambalo wakusanyaji hulitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wa ndugu yake. Mwaka 1951, katika jiwe la msingi la kanisa la mji wa Baccarat lililobomolewa kwa mabomu wakati wa vita, ilipatikana prespapie yenye mwaka 1853. Ilikuwa imelala gizani karibu miaka mia moja, na ilithibitisha kwamba kiwanda kiliendelea baada ya miaka ambayo watu walidhani kiliacha.

Hapo sina budi kuonya. Tarehe iliyoandikwa ndani ya kioo ndiyo ushahidi unaopendwa kuliko wote na unaodanganya kuliko wote. Katika karne ya 20 huko Birmingham, Uingereza, zilitengenezwa prespapie zenye mwaka 1848 ndani yake. China ya miaka ya 1930 ilinakili za Wafaransa na za Wamarekani. Mwenye kuuza atakuonyesha namba. Wewe muombe akuonyeshe kitako.

Ya mzee haikuwa na tarehe wala herufi. Maua yake yalikuwa makubwa, ya rangi kali, mazito machoni, yamebanana bila mpango, mengine yamelala kidogo upande. Katikati ya mawili kulikuwa na pengo, na penye pengo kiputo cha hewa. Mfaransa wa 1847 angekivunja kioo hicho na kukirudisha tanurini.

Lakini uzuri wa kazi ni maoni, nami sikutaka kumpelekea mzee maoni. Nilitaka kipimo.

Baccarat na Saint-Louis walitumia kristali, kioo kilichotiwa risasi, na risasi huongeza uzito. Kristali ya namna hiyo huwa na uzito wa maji mara tatu hivi, au zaidi. Kioo cha kawaida cha magadi na chokaa, ambacho ndicho cha Murano, huwa mara mbili na nusu. Val Saint Lambert, kiwanda cha Ubelgiji kilichoanzishwa mwaka 1826 huko Seraing karibu na Liège, nacho kilijenga jina lake kwa kristali. Na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa, nakiri. Ofisi ya Mbelgiji, meza ya Mbelgiji: nilikuwa tayari kuapa kwamba kioo nacho ni cha Mbelgiji.

Mama wa nyumba alileta mizani yake ya keki, ile ya betri. Tuliweka tonge juu yake: gramu 510. Kisha tukaweka bakuli la maji juu ya mizani, tukabonyeza ikasoma sifuri. Nilifunga tonge kwa uzi wa kushonea ulioviringishwa mara nne, nikalishusha ndani ya maji mpaka likazama lote, bila kugusa chini wala ubavuni. Mkono unatetemeka ukiwa umeshika urithi wa watu juu ya bakuli. Mizani ikasoma 204. Hizo ndizo gramu za maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa kioo chenyewe. Gawanya 510 kwa 204. Mjukuu wa mzee, anayesoma chuo kikuu hapahapa Kisangani, alifanya hesabu kwenye simu kabla sijafungua kalamu.

"Mbili nukta tano," alisema. "Kamili."

Si Baccarat. Si Saint-Louis. Si kristali ya Seraing. Ubelgiji wangu wote ulizama bakulini.

Tulijaribu pia taa ndogo ya zambarau, ile wabadilishaji fedha wanayokagulia noti za dola. Watu huiamini taa hii kupita kiasi. Kioo chenye manganizi hung'aa kijani hafifu chini yake, na aina nyingine hung'aa kwa namna zao, lakini taa haitaji jina la kiwanda. Inachofanya vizuri ni kukuambia kama vioo viwili ni ndugu au si ndugu. Hatukuwa na cha pili cha kulinganisha, kwa hiyo niliizima.

Kilichotoa jibu la mwisho kilikuwa kitakoni tena, mahali nilipopita haraka mwanzo. Nikiinamisha tonge dirishani niliona alama ya mviringo mrefu, kama ukucha wa kidole gumba, ambapo mikwaruzo ilikuwa michache kuliko kwingine. Palikuwa na karatasi pale. Lebo ilibandikwa, ikakilinda kioo kwa miaka ya kwanza, kisha ikang'oka na kuacha kivuli chake. Na ndani ya ua moja jekundu, chini ya lupe, kulikuwa na vumbi linalometa kama shaba iliyosagwa: aventurine, kioo chenye chembe za shaba, ufundi ambao Venice iliulinda kwa wivu na ambao Bigaglia yuleyule alisifika kwao. Kioo chepesi, fito kubwa za rangi kali, viputo, kitako bapa, lebo ya karatasi, chembe za shaba. Yote yanaelekea Murano, visiwa vya mafundi wa Venice, na si Murano ya Bigaglia, bali ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, prespapie zilipotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya wageni na maduka ya mbali. Inaelekea Mbelgiji alilinunua likizoni miaka ya 1950, akaja nalo, kisha likapanda naye mto kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, safari ya zaidi ya kilomita 1,700.

Nilimweleza mzee polepole. Alinyamaza. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed kwa jina lake, alifanywa wali wa maporomoko ya mto ya hapa Kisangani mwaka 1887 kwa makubaliano na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akaondoka mwaka 1890, akafariki Zanzibar mwaka 1905. Tonge hili lilikuwa bado halijayeyushwa.

"Kumbe ni kitoto," alisema mzee.

Hapo ndipo mama wa nyumba, aliyekuwa akifuta maji mezani, alipouliza swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kuuliza tangu nilipoingia. "Na shanga za bibi yangu? Nazo si kioo?"

Alileta kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, kwenye kitambaa, kulikuwa na mtungo wa shanga ndogo nyekundu, uliokatika mahali na kufungwa fundo. Nyekundu ya damu, isiyong'aa sana. Niliiinua moja dirishani, nikatazama tunduni, na moyo ukaruka: ndani ilikuwa nyeupe.

Mwaka 1860 Richard Burton alichapisha kitabu cha safari yake ya nchi za maziwa, na humo akaorodhesha shanga za misafara kwa majina ya Kiswahili aliyoyasikia. Ushanga mdogo mwekundu juu ya nyeupe aliuita sami-sami, na akataja majina yake mengine, mojawapo likiwa na maana ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyourukia. Alitaja sungomaji, kubwa kama yai la njiwa. Alitaja vipimo: kete, na fundo lenye kete 10. Stanley, yule wa jina la Stanleyville, alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 ilimbidi ajifunze somo hilohilo, na akanunua magunia 22 ya shanga za aina 11, kwa kuwa msafara ukifika na rangi isiyopendwa unalala njaa. Wauzaji wa Ulaya walijua hayo kwa undani unaochoma. Mfanyabiashara wa shanga wa London, Moses Lewin Levin, aliwapa British Museum mwaka 1863 kadi za vielelezo vya bidhaa zake, na humo shanga zinatajwa kwa kile zilichokwenda kununua Afrika: mafuta ya mawese, pembe za ndovu, watumwa.

Niliyasoma hayo mara nyingi vitabuni. Kuzishika shanga zenyewe ni kitu kingine. Mji huu ulisimama juu ya biashara hiyo, pembe na watu vikitoka huku kwenda Nyangwe, Ujiji, pwani, na shanga zikija kwa njia ileile.

Kupima umri wa ushanga ni kazi ndogo kuliko ya prespapie, na ngumu zaidi. Kwanza ulizaliwaje? Kuna ushanga wa kuzungushwa, ambapo kioo cha moto huviringishwa juu ya waya, na viputo vyake huzunguka tundu kama pete. Kuna ushanga wa kuvutwa: mrija wa kioo wenye tundu ndani hunyooshwa na watu wawili wanaoachana, kisha hukatwa vipande. Viputo vyake ni virefu, vimelala sambamba na tundu. Nilimpa mjukuu lupe. Alitazama muda mrefu. "Vimelala," alisema.

Umevutwa, basi. Na hapo akaelewa kabla sijasema, akageuka kutazama kabatini. Watu wawili, donge la moto, kutembea wakiachana: ni kazi ileile. Ufito wa ua na mrija wa ushanga ni watoto wa tanuri moja, na mafundi wa Venice walikuwa wakivuta mirija ya shanga karne nyingi kabla ya Bigaglia kupeleka matonge Vienna. Hata ule ushanga mkubwa wa nyota, rosetta, uliobuniwa Venice karibu mwaka 1500, ni ua la prespapie lililotobolewa katikati.

Weupe wa ndani unatuambia zaidi. Kabla yake palikuwa na ushanga mwekundu wa rangi ya tofali wenye moyo wa kijani. Moyo mweupe unaanza kuonekana karibu miaka ya 1830, na sababu yake ni ya mfukoni: wekundu mzuri ulipatikana kwa dhahabu, kwa hiyo fundi aliweka tabaka jembamba la nyekundu juu ya nyeupe ya bei rahisi, na weupe ukaiangaza nyekundu kutoka ndani. Baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 19, wekundu wa seleniamu ulikuja na bei ikashuka. Mwaka 1898 karakana nyingi za Venice ziliunganishwa kuwa kampuni moja kubwa ya shanga ndogo, na hiyo ilifungwa mwaka 1992. Kwa hiyo sami-sami imetengenezwa kwa zaidi ya karne moja, na anayekuambia kwamba ushanga mmoja ni wa mwaka fulani anakuuzia mwaka huo.

Mtungo wa mama haukuwa wa siku moja. Nilipoumwaga kwenye sahani, shanga tatu zilikuwa na mshono mwembamba ubavuni, dalili ya kubanwa kwenye kalibu, kazi ya Bohemia, huko Jablonec na vijiji vyake. Moja ilikuwa plastiki: niliitia majini, ikaelea. Lakini zilizobaki, zaidi ya mia mbili, zilikuwa zimelika midomo ya matundu hadi ikawa laini kama jino la mzee, kwa sababu ya uzi na ngozi. Hakuna ushanga unaoweza kulika vile kabatini. Zimevaliwa na wanawake watatu, labda wanne, na bibi wa mama alipewa na mama yake akiwa msichana. Ukihesabu vizazi unarudi enzi za misafara, au karibu nayo sana.

"Hizo watoto walikuwa wanachezea," mama alisema, akianza kuziokota moja moja.

Mzee aliomba karatasi. Alitaka nimwandikie, kwa sababu kitu kisicho na maandishi, akifa yeye, kitaanza kusimuliwa upya. Nikaandika ya kwanza: Murano, baada ya vita, kioo cha magadi, gramu 510, ujazo 204. Akasoma, akairudisha.

"Andika pia baba alipewa na nani, na mwaka gani, na ofisi ipi. Hiyo mizani haiwezi kusema."

Alikuwa na haki. Nikaandika. Kisha karatasi ya pili, ya shanga: zimevutwa, moyo mweupe, Venice, kati ya miaka ya 1830 na mwanzo wa karne ya 20, tatu za Bohemia, moja plastiki. Mama akataja jina la bibi yake, na kijiji, na jina la mama wa bibi. Yote nikaandika. Dirisha lilikuwa wazi na karatasi ya pili ikaanza kuinuka pembeni. Mzee akachukua tonge kutoka kabatini, akaliweka juu yake.